Enoki Lusweti, Aliyetusemea

Mimi siwapendi watu wanaosema sana. Nimeshasema hivyo mara nyingi na leo narudia. Juzi hapa Kawangware tulifunguliwa choo cha soko, choo tu jamani, na mheshimiwa mmoja akashika kipaza sauti asubuhi asikiachie, mpaka watu wakaanza kukitazama kile choo kwa hamu. Alipomaliza tulimpigia makofi kwa sababu amemaliza. Nikiwa nimesimama pale, magoti yakiniuma, nilimkumbuka Enoki Lusweti, na roho yangu ikatulia. Mke niliye naye na watoto nilio nao niliwapata kwa mdomo wa mtu yule, na sijawahi kukaa chini nikamshukuru sawasawa. Shukrani ukiikalia sana huchacha. Wacha niitoe leo ingali tamu.

Lusweti alikuwa fundi viatu. Alikaa Kibera, upande wa Makina, katika chumba cha udongo alichopangishwa na bibi mmoja Mnubi, na kila asubuhi alibeba sanduku lake akatembea mpaka huku kwetu Kawangware kutafuta kazi. Alishona viatu vya ngozi, akapiga viraka gamubuti, akakata akala kutoka kwa tairi kuukuu. Alikuwa mfupi. Meno ya chini ya mbele hakuwa nayo, yaling'olewa kwa mila ya kwao alipokuwa kijana, kwa hiyo maneno yake yalitoka na upepo kidogo. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Ukitaka kumsikia, sharti unyamaze, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya ujuzi wake.

Nusu ya pili aliitoa kwao Bungoma. Huko kwa Wabukusu, mzee mkubwa akifa, baada ya mazishi huitwa mtu wa ukoo maalumu aje kusema mbele ya watu wote. Desturi hiyo wanaiita kumuse. Mtu huyo hashiki kitu ila fimbo. Anatembea katikati ya umati, huku na huku, akimsema marehemu, akiwapatanisha walionuniana, akiwaonya wanaojifanya wakubwa. Akiwa anatembea hivyo, hakuna ruhusa ya mtu kuinuka, kukohoa wala kupita mbele yake. Na hafanyiwi kila mtu. Ni heshima ya wazee wenye wajukuu, wanaume tu. Baba yake Lusweti alikuwa mtu wa kazi hiyo, na babu yake vilevile, na Lusweti mwenyewe alitarajiwa kuirithi. Lakini alipofika Nairobi aliokoka, akaingia Jeshi la Wokovu, akapewa ngoma ya kupiga Jumapili, na akasema maneno ya wafu amewaachia wafu.

Maneno ya walio hai, hayo hakuyaacha. Kibera nzima ilimjua. Kulikuwa na jamaa mmoja mwenye bomba la maji ambaye siku moja alilifunga kwa hasira, akatia kufuli, akaenda zake kulala. Akina mama wakabaki na mitungi mitupu. Ikaitwa baraza, na kila aliyesimama alimtukana yule bwana: mchoyo, mshenzi, hana Mungu. Jamaa akazidi kukaza uso. Lusweti hakusema kitu siku ile. Kesho yake alienda akaketi kwa yule bwana, akamshonea kiatu polepole, na kwa kusikiliza tu akajua kwamba kwenye foleni mtu fulani alikuwa amemtukania mama yake, mama mzee aliyekuwa mgonjwa kitandani. Baraza lilipokutana tena, Lusweti alisimama na hakutaja maji hata kidogo. Alisema ndani ya mtaa huu kuna mama anaumwa, akamtaja kwa jina, na akaomba wote waliopo wampelekee salamu kupitia kwa mwanawe. Wakatuma salamu, mmoja mmoja, hata yule aliyetukana. Kabla jua halijazama, kufuli lilikuwa limeondoka.

Nilimuuliza alifanyaje. Akaniambia, akiwa na nyuzi mdomoni, kwamba mtu hashindwi na maneno yako, hushindwa na yake mwenyewe, kwa hiyo kazi ya msemaji ni kwenda kuyatafuta yalikolala. Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Lusweti alisema kwanza uliza nyoka aliingia pangoni kwa nini.

Sasa nije kwangu. Mimi ni Shivachi, seremala, mtu wa Kakamega. Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa mpangaji katika ploti ya Mzee Chege, hapa hapa Kawangware. Chege alikuwa mwenye ardhi kwa kuzaliwa. Alikuwa na ng'ombe nyuma ya nyumba na safu ya vyumba vya mabati mbele, nasi watu wa magharibi tumejaa humo. Binti yake Waceke alikuwa akija kuniagizia vigoda. Vigoda gani hivyo visivyokwisha? Hata mama yake alianza kushangaa kwa nini nyumba ina vigoda kuliko watu. Kwa kifupi, tulipendana, na nikaenda kwa Chege mwenyewe kama mwanamume, kofia mkononi, nikamwambia nataka kumwoa.

Chege hakukasirika. Heri angekasirika. Aliniangalia kwa upole akasema, "Shivachi, wewe ni mpangaji mzuri. Baki mpangaji."

Basi. Nikazunguka na jibu hilo tumboni kama mtu aliyemeza msumari. Nilirudia mara ya pili, nikapewa chai na jibu lilelile. Waceke alilia. Mama yake, Wangoi, alikuwa upande wetu, lakini akasema kuna jambo ambalo Chege halisemi hata kwake. Nikaona hapa mdomo wangu umefika mwisho. Nikashika njia ya Kibera.

Lusweti alikubali bila maringo. Aliweka sanduku lake mbele ya duka la Chege, akashona viatu pale siku nyingi, akisubiri mzee afungue moyo. Chege akafungua mambo yote ila hilo. Akasema habari za matope, za ng'ombe aliyekataa kushika mimba, za wapangaji wanaokojoa ukutani. Akitajiwa mimi, alijibu kwamba hana neno na huyo kijana. Kwa mara ya kwanza nilimwona Lusweti ana wasiwasi. Alisema anakwenda kunisemea gizani, na gizani mtu hugonga meza.

Hata hivyo Wangoi na mzee mmoja wa kanisa lao walimbana Chege mpaka akakubali kutusikiliza, kusikiliza tu, Jumapili moja baada ya ibada. Lusweti alinionya mapema kwamba kazi yangu siku hiyo ni kunywa chai na kunyamaza. Mambo ya mahari sitayataja, hayo ni yangu na wakwe zangu.

Tulikwenda wanne. Baba yangu alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mkubwa wetu alikuwa Mzee Wangila, Mbukusu aliyekuwa soja, mlinzi wa usiku, kwa wazungu wa Lavington. Mama Kageha, jirani yangu Mmaragoli, alisimama mahali pa mama. Kisha Lusweti katika kabuti lake la Jeshi, na mimi. Sebule ya Chege ilikuwa imepigwa deki mpaka inang'aa, viti vimevishwa vitambaa vya kufuma. Katikati ya chumba, juu ya kigoda changu mwenyewe, kulikuwa na kibuyu cha uji wa kuchacha na kikombe kando yake.

Kibuyu hicho nikieleze. Zamani ilikuwa pombe, lakini watu wa kanisa huweka uji. Hakuna anayeugusa mpaka binti aitwe, aulizwe mbele ya wote kama unywewe au usinywewe. Akisema unywewe, amekubali. Lakini kumwita binti ni kazi ya baba. Baba akikataa kumwita, wageni hurudi kwao na kiu yao. Nilikaa nikikitazama kile kibuyu, maana maisha yangu yote yalikuwa humo ndani.

Lusweti alianza vizuri sana. Alishukuru kwa njia iliyotuleta, kwa kiti alichokalia, kwa ng'ombe aliyetusalimia nyuma ya nyumba. Akasema sisi ni watu wa mbali, tulikuwa tunapita zetu, tukaona mtamba mzuri katika boma hili, na mmoja wetu tangu hapo hali ugali. Wakacheka. Mzee wa kanisa alicheka mpaka akatoa kitambaa. Hata mimi nilianza kuona mwanga.

Chege hakucheka. Alisimama, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza akalisema lile jambo.

"Wageni, msiseme ninawadharau. Nilikuwa na dada, Nduta. Alichukuliwa na mtu wa reli kutoka upande wenu. Alikuwa mtu mzuri, simlaumu. Wakati wa Emajensi ya wakoloni tukaletewa habari kwamba Nduta amekufa. Mimi Mkikuyu, wakati huo hata Limuru sikufika bila pasi. Alizikwa na watu nisiowajua. Mtu wake naye akafa, na mpaka leo sijui kaburi liko wapi. Sijui kama kuna mtu alisimama akasema hata neno moja juu yake. Sasa mmekuja kuchukua mwingine."

Akaketi. Hata Wangoi alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza, nilimwona anavyoshika mdomo. Mzee wa kanisa alikunja kitambaa chake akakirudisha mfukoni. Mimi niliinamisha kichwa. Utamjibu nini mtu kama huyo? Utamwambia magari ya kwenda Kakamega siku hizi ni mengi?

Nikasikia kiti cha Lusweti kimelia. Nikainua macho. Alikuwa amesimama, na katika kusimama ameishika fimbo ya Mzee Wangila iliyoegemezwa ukutani. Sidhani aliiona. Akaanza kutembea. Sebule ilikuwa ndogo, kutoka kabati la vyombo mpaka mlangoni ni hatua chache tu, naye akazitembea, akageuka, akazitembea tena. Kisha ile sauti yake ndogo ikabadilika. Ilishuka chini, ikawa nzito, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mzee Wangila alinishika goti akalibana mpaka nikauma meno. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Mama Kageha alikuwa anainua kikombe cha chai, akabaki nacho hewani, haendi nacho mdomoni wala hakirudishi mezani. Sisi watatu tuliokuja naye tulijua kinachofanyika, na sote tulijua hakifai. Lusweti alikuwa anafanya kumuse. Katika posa! Bila maiti, bila kaburi, kwa mwanamke, na mwanamke mwenyewe Mkikuyu! Ni kosa ambalo asiye Mbukusu hawezi hata kulikosea. Wenyeji wetu hawakujua lolote, lakini walipoona watu wazima wamekauka hivyo wasithubutu kukohoa, nao wakakauka.

"Nduta," Lusweti akasema, "binti wa nyumba hii. Uliondoka hapa kwa miguu yako, ukicheka, ukaja kwetu. Tulikula ugali uliosonga. Tulikunywa maji uliyoteka. Ulipougua, mama mmoja wa kwetu alikushika kichwa. Jina lake hatulijui, lakini alikuwepo, kwa sababu kwetu hakuna anayekufa peke yake. Ndugu yako hakukuacha, Nduta. Njia ilifungwa, na si yeye aliyeifunga. Sisi ndio tulioachwa na deni. Tulikuzika, hatukuja kusema. Ilipasa tutume mtu mlangoni hapa, hata na kipande cha nguo yako, hata na udongo tu, tuseme: huyu alikuwa wenu, alitutendea mema, amelala. Miaka imepita na hatukutuma mtu. Chege, tumekosa. Hakuja mwingine, basi nimekuja mimi, fundi viatu. Dada yako alikuwa..."

Akafika kabatini, akageuka, na macho yake yakaangukia ile fimbo mkononi mwake. Akasimama. Aliitazama kana kwamba ni nyoka aliyeokota barabarani. Jasho likamtoka. Alitutazama sisi, akaona nyuso zetu, akajua amefanya nini. Akairudisha fimbo ukutani taratibu, akasema kwa sauti yake ndogo ya siku zote, "Mnisamehe, wazee," akakaa.

Mzee Wangila akaanza kumkaripia kwa Kibukusu, kwa kunong'ona, maneno yanayochoma. Nami, jamani, nilikasirika nikaona kiwingu. Nimemleta mtu aniposee mke, ananiwekea matanga! Nilitamani kumkaba kwa ukosi wa lile kabuti. Na nilipogeuka kumtazama Chege, kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ameinuka akatoka kwa mlango wa nyuma bila kusema na mtu.

Tulikaa. Hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyetukaribisha. Mama Kageha alikiweka kikombe chini hatimaye. Lusweti aliinama, akiangalia viatu vya watu, kazi yake ilivyo. Mzee Wangila alisema tuage, tusije tukaongeza aibu juu ya aibu. Nikatafuta kofia yangu, na nikiitafuta nilikuwa namuaga Waceke moyoni. Nilijiambia nitahama ploti, nihamie hata Kangemi, kwa sababu sitaweza kumwona kila siku akipita na maziwa.

Ndipo Chege akarudi. Alikuwa amenawa uso, maji bado kwenye ndevu. Hakututazama. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa jikoni akaita, "Waceke."

Akaja, kilemba kichwani. Akasimama karibu na kibuyu. Baba yake akamuuliza kama anatujua, akasema anatujua. Akamuuliza kama ameelewa tulikotoka na umbali wa huko, akasema ameelewa. Chege akakigeukia kibuyu. Halafu akamuuliza lile lenyewe.

"Tunywe?"

Mimi nimewasikia wabunge, nimewasikia maaskofu, nimewasikia watu wa redio. Sijasikia mtu akisema vizuri kama msichana yule siku ile. Alimtazama baba yake, si mimi, akasema, "Nyweni, Baba. Siku hizi njia haijafungwa."

Wangoi akapiga vigelegele, akakatika katikati kwa kilio, akaanza tena. Chege aliinama mwenyewe akamimina uji. Kikombe cha kwanza ni cha mgeni aliye mkubwa kuliko wote, hilo linajulikana, na Mzee Wangila tayari alikuwa amenyoosha mikono. Chege alimpita. Alikwenda mpaka kwa Lusweti, aliyekuwa bado ameinamisha kichwa, akasimama mbele yake mpaka akakiinua.

"Kunywa wewe kwanza," akasema. "Leo umenizikia dada yangu."

Lusweti alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Kisha akanywa, machozi yakimtiririka mpaka ndani ya uji, na Chege akabaki amesimama hapo hapo, mkono begani mwake, akimsubiri amalize.